Biskuti za Rambirambi

Efraimu Silwimba wa mtaa wa Sogea, Tunduma, aliendesha malori kwa miaka kumi na saba, na mguu ulipovunjika akageuka kuwa mwoka biskuti. Wanaomfahamu sasa, akichechemea uani kwake na aproni aliyoshonewa kwa kipande cha kitenge, hupata tabu kuamini kwamba mikono ile inayokata donge kwa mdomo wa glasi ndiyo iliyokuwa ikishika usukani kutoka Dar es Salaam hadi Ndola. Biskuti zake za karanga zina jina. Mawakala wa forodha huzinywea chai ya saa nne, na akina mama wa kanisani huziagiza kila kunapokuwa na kipaimara au sherehe ya kumuaga bibi harusi. Ukimuuliza alijifunzia wapi, hujibu, "Barabarani," kisha huinama kutazama moto.

Jibu hilo halikuwa uongo. Ndiyo maana lilikuwa rahisi kulitoa, na ndiyo maana lilimkaa kooni kwa miaka minne.

Alizaliwa Msangano, mtoto wa wakulima, akapata leseni akiwa bado kijana. Alimwoa Nesta, binti wa familia ya kahawa kutoka Hasamba, mwanamke asiyependa maneno mengi lakini akisema neno analimaanisha. Wakazaa Goodness, kisha mdogo wake. Nesta alilima, alichuuza mchele, alilea watoto, na mume alipopita nyumbani mara mbili kwa mwezi alimkuta maji ya kuoga yamechemka. Hakuwahi kumuuliza alilala wapi huko njiani. Si kwamba aliogopa jibu. Alimwamini tu.

Huko njiani, katika mji wa Mpika, ndani ya Zambia, palikuwa na mjane aliyeitwa Bana Kasonde, yaani mama yake Kasonde. Aliuza chai na biskuti kwenye kibanda cha mabati mahali malori yanapoegeshwa. Alioka kwa sufuria kubwa lililotandikwa mchanga, makaa chini, makaa juu ya mfuniko, na kilichotoka humo kilikuwa chepesi na chenye harufu ya karanga iliyokolea kiasi cha kuwafanya madereva wanaokwenda mbali wanunue mfuko mzima. Safari ya kwanza Efraimu alisimama kwa ajili ya chai. Ya pili alisimama kwa ajili ya biskuti. Ya tatu hakuwa na sababu ya kujidanganya.

Alimwambia kwamba mke wake alifariki kwa uzazi. Aliitamka mara moja tu sentensi hiyo, akiwa anakoroga chai, wala hakuhitaji kuirudia. Bana Kasonde aliweka mkono kifuani akasema, "Pole, mukwai," neno la heshima la Kibemba, na tangu siku hiyo akawa anauliza habari za watoto kama mtu anayeuliza habari za wanawe. Urafiki huo ulikwenda miaka minne. Gari likichelewa kupakia, Efraimu alikaa kwenye kigoda chake akimenya karanga, huku mama yule akimfundisha kazi bila kujua kwamba anafundisha. Karanga zikaangwe kwanza ndani ya chumvi hadi ziwe kahawia. Sukari na siagi vipigwe hadi viwe vyeupe. Unga utiwe kidogo kidogo, "panono panono," alisema kwa Kibemba, "usiukande kama unagombana nao."

Kisha lori la Efraimu likapinduka kwenye mteremko upande wa Chinsali. Mguu wa kulia ulivunjika sehemu tatu. Walimrudisha Tanzania akiwa amefungwa mbao, na Nesta akahamia hospitali. Miezi mitatu alilala chini kwenye mkeka kando ya kitanda chake, akimwogesha, akimgeuza, akimlisha uji kwa kijiko. Mwajiri alimtumia salamu za pole na barua ya kumwachisha kazi.

Akiwa amelala pale ndipo alipoanza kujiona alivyo. Kila Nesta alipoinama kumfuta, alimkumbuka mwanamke mwingine aliyeambiwa kwamba Nesta yuko kaburini. Aliamua jambo hilo liishe. Uamuzi huo ulikuwa mwema. Namna aliyoutekeleza ndiyo haikuwa njema.

Lusajo, dereva mwenzake, mwenyeji wa Ileje, alikuja kumjulia hali siku moja Nesta alipokwenda kufua.

"Napita Mpika kesho kutwa," Lusajo alisema akishusha sauti. "Yule mama ananiuliza kila nikisimama. Nimwambieje?"

Efraimu alitazama dari. Kumwambia ukweli kungekuwa na maswali, na maswali yangekuwa na majibu.

"Mwambie sikupona," alisema.

"Kaka, hilo siyo neno la kumtuma mtu."

"Mwambie hivyo, Lusajo. Atalia, atanyamaza, ataendelea na maisha yake. Ni afadhali kwake."

Lusajo aliondoka bila kusema ndiyo wala hapana. Aliporudi baada ya wiki mbili Efraimu alikuwa ameruhusiwa kwenda nyumbani. Lusajo alimkuta sebuleni na familia yake yote, akaweka mezani kopo kubwa la bati lililofungwa kwa kitambaa cheusi, akajifuta uso kwa kiganja, akasema amepewa huko njiani.

Nesta alikwenda jikoni kuweka chai. Lusajo akamwinamia mwenzake. "Alilia mpaka watu wakajaa. Amesema hizi ni za watoto wako, maana sasa hawana baba wala mama."

Goodness alikuwa amekwisha kulifungua kopo. Watoto wale, ambao baba yao alikuwa ameketi mbele yao na mama yao akiimba jikoni, walikula rambirambi za uyatima wao kwa furaha, wakigombania za chini. Nesta alikuja na birika, akaonja moja, akafumba macho.

"Hizi zimeokwa na mtu anayejua," alisema. "Baba Goodness, nani kazituma?"

"Mama mmoja huko Mpika. Huwauzia madereva."

"Mungu ambariki. Laiti tungejua anavyozitengeneza."

Ni hapo Efraimu aliposema neno ambalo mpaka leo hajui lilitoka wapi. Labda alitaka kumlipa Nesta kwa ile miezi ya mkekani. Labda aliogopa ukimya. Alisema, "Mimi najua."

Zile za kwanza hazikulika. Aliukanda unga kama wa maandazi, zikatoka ngumu kiasi kwamba Goodness alizigonga mezani kama kokoto. Za mara ya pili siagi ilikuwa imeyeyuka kwa joto, zikatambaa zikashikana zikawa mkate mmoja mwembamba. Mara ya tatu makaa yalizidi, chini zikaungua, juu zikabaki mbichi. Nesta hakumcheka. Alimwita fundi akawatengenezea oveni ya pipa yenye mlango na rafu mbili, akaiweka uani chini ya bati.

Basi Efraimu akaanza kukumbuka kwa makusudi. Ilimbidi afumbe macho arudi kwenye kile kigoda. Alikumbuka kwamba donge lilifunikwa kwa kitambaa kibichi likalazwa mahali pa baridi kabla ya kukatwa, akalaza lake kwenye beseni la maji ya kisimani. Alikumbuka kwamba karanga nusu zilitwangwa chengachenga, nusu zikasagwa hadi zitoe mafuta. Alikumbuka sauti ikisema, "Zitoe zikiwa bado laini katikati, zitakomaa zenyewe zikipoa." Kila alipoongeza jambo moja, biskuti zilipanda daraja, na kila zilipopanda, alijua ameingia hatua moja zaidi ndani ya kibanda cha Mpika. Siku zilipotoka sawasawa, na Nesta akapiga makofi, Efraimu alikwenda nyuma ya choo akasimama huko hadi alipoitwa.

Zilianza kuuzika. Kwa mguu ule hakukuwa na kazi nyingine, na biskuti ndizo zilizowavalisha watoto sare. Nesta alijifunza kwake. Siku moja Efraimu alimsikia akimwelekeza Goodness, akisema, "Panono panono, mwanangu, usiukande kama unagombana nao." Mpakani Kibemba husikika kila siku, hakuna ambaye angeshtuka kwa neno hilo. Efraimu aliweka chini mchi, akasema anakwenda kununua mkaa, ingawa gunia lilikuwa limejaa.

Mwaka jana, baada ya mavuno, umoja wa wanawake kanisani ulimwalika Nesta awafundishe kuoka. Naye akasisitiza mumewe awepo. Walikaa ukumbini wanawake kama arobaini, na Efraimu kwenye kiti cha mbele, aproni mapajani. Nesta, ambaye kwa kawaida husema maneno mawili akakaa, alisimama akazungumza.

"Nataka kumshukuru Mungu mbele yenu," alisema. "Sote tunajua barabara inavyowafanya wanaume. Wengine wenu mnalea peke yenu kwa sababu hiyo. Mimi wangu alikuwa barabarani miaka yote hiyo, na wenzake walipokuwa wanatafuta wanawake, yeye alikaa kwa mama mmoja muuza chai akajifunza kuoka. Ajali ilipotupata, Mungu alikuwa ameshatuandalia chakula."

Wanawake waliitikia amina. Mama mmoja, Gwantwa, ambaye mumewe alihamia Kapiri na hakurudi, alikuwa analia. Efraimu alitazama mikono yake. Alitaka kusimama, na mguu wake mzima ukakataa kama ule mbovu.

Kwa majuma kadhaa baada ya siku hiyo aliunguza trei mbili kila wiki. Nesta alidhani ni macho, akamwambia waende kupima. Kisha Lusajo akapita, na safari hii hakukaa hata kunywa chai. Alimvuta Efraimu hadi getini.

"Bana Kasonde anakuja Tunduma mwezi ujao kuchukua mchele. Ameniomba nimpeleke Msangano akalione kaburi lako. Amenunua maua ya plastiki. Mimi nimefika mwisho, kaka. Miaka minne namdanganya kwa ajili yako, na kila nikisimama pale ananipa chai bure kwa sababu nilikuzika."

Efraimu alirudi ndani. Ilikuwa saa tisa alasiri, watoto shuleni. Nesta alikuwa anachagua karanga kwenye ungo, mbovu kando, nzima kando. Alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa mbele yake akamwambia. Hakuanza vizuri, alianza kwa kusema kwamba yalikwisha zamani. Kisha akarudi nyuma, akasema yote.

Nesta hakuacha kuchagua karanga hadi Efraimu alipofika pale pa kopo. Hapo vidole vilisimama.

"Zile tulizokula na watoto."

"Ndizo."

"Zilikuwa za msiba wako."

"Ndiyo."

"Alijua kwamba mimi nipo?"

Efraimu alijaribu kutafuta njia ya kulisema lisiwe vile lilivyo, akaikosa. "Nilimwambia ulifariki. Kwa uzazi."

Nesta aliuweka ungo chini polepole, kana kwamba ulikuwa na maji. "Kwa hiyo huko nilikufa mimi kwanza, halafu ukafa wewe," alisema. "Na mimi nikasimama kanisani nikamshukuru Mungu. Umenifanya nimtolee Mungu ushahidi wa uongo, Efraimu."

Alikuwa hajamwita kwa jina lake tangu Goodness azaliwe.

Siku tatu hakuongea naye. Alipika, akamwandalia, akala na watoto upande mwingine. Siku ya nne alimkuta uani akifagia majivu ya oveni, akasimama mlangoni.

"Nenda Mpika," alisema. "Usiende ili moyo wako utulie, hilo halinihusu. Nenda kwa sababu kuna mtu anatafuta kaburi ambalo halipo. Asije akaonyeshwa udongo wa mtu mwingine."

Efraimu alichukua kibali cha muda mpakani, akapanda basi la asubuhi Nakonde, ng'ambo ya mpaka. Njia nzima aliitambua kwa mwili, kona na miinuko, ila safari hii alikuwa abiria, mguu umenyooshwa kwenye ujia, na hakuna alichoweza kupunguza wala kuongeza. Alishuka Mpika jua bado lipo juu. Kibanda kilikuwa palepale, kimepakwa rangi mpya.

Bana Kasonde alikuwa anawahudumia madereva wawili. Alimwona. Aliwamiminia chai, akawahesabia biskuti, akafuta meza. Alimtazama mguu kwanza, kisha uso. Hakupiga kelele. Madereva walipoondoka alisema kwa Kiswahili chake cha barabarani, "Lusajo alisema ulizikwa Msangano."

"Nilimtuma aseme hivyo."

"Ulimtuma."

"Ndiyo, mukwai."

Bana Kasonde alikaa kwenye benchi, si karibu naye. Nywele zake zilikuwa zimeanza mvi pembeni. "Nilifunga kitambaa cheusi miezi mitatu. Wenzangu waliniambia, huyo siyo mumeo, unamlilia kwa haki gani? Mimi nikafunga tu." Aliguna. "Na watoto? Zile biskuti zilifika?"

"Zilifika. Walizila." Efraimu aliona kwamba akiacha hapo atakuwa ameongeza uongo mwingine. "Na mama yao alizila. Yupo. Hakufa."

Hilo ndilo lililomuumiza. La yeye kuwa hai alikuwa amelipokea kama mtu anayepokea mzigo wa kawaida, lakini hili lilimfanya ashike ukingo wa benchi.

"Kila mwaka nawataja watoto wale kanisani," alisema baadaye. "Kwa majina. Yatima wa Tunduma."

"Nimekuja kukuomba msamaha."

"Awe," alikataa, akitikisa kichwa, bila hasira. "Umesafiri siku nzima uje kuutua mzigo wako hapa kwangu. Mimi nilikuwa nimemaliza kulia. Sasa nianze upya, na ninayemlilia anakula na kunywa. Sina la kukupa leo. Usikae unasubiri."

Efraimu alisimama. Alikuwa amepanga asiseme neno la biskuti, lakini lilitoka. "Tunaishi kwa kuoka. Vile ulivyokuwa unafanya. Nilipaswa kukuambia."

"Basi watoto wanakula," Bana Kasonde alisema, akainuka kwenda kuchochea makaa, maana lori lilikuwa linaingia. "Na Lusajo mwambie asisimame tena hapa."

Efraimu alilala nyumba ya wageni karibu na stendi, akarudi kesho yake. Nesta aliuliza maswali mawili tu: kama alimkuta, na kama alimwambia kuhusu yeye. Alipojibiwa ndiyo kwa yote mawili, alikwenda kuchota maji. Jumapili iliyofuata alimfuata mama mchungaji akamwambia asimwite tena kutoa ushuhuda, na hakueleza kwa nini. Akina mama wakadhani ni unyenyekevu.

Mwezi wa Bana Kasonde kuja Tunduma ulifika ukapita. Kama alikuja kuchukua mchele wake, hawakujua. Kila alipokwenda sokoni Efraimu alitembea akitazama chini, akihofia kumwona, na aliporudi bila kumwona hakupata nafuu yoyote. Nesta aliendelea kulala chumba cha Goodness, akisema mgongo unamsumbua na kitanda kile ni kigumu, jambo ambalo lilikuwa kweli pia.

Hawakuoka kwa majuma matano. Kisha ada ya muhula ikakaribia na maagizo ya harusi moja ya mtaa wa Majengo yakaja, na asubuhi moja Nesta akatoa mwenyewe unga, siagi na ungo wa karanga, akavipanga mezani. Efraimu alifunga aproni bila kuambiwa, akawasha makaa, akabandika kikaango chenye chumvi.

"Karanga," Nesta alisema, "yeye alikuwa anazikaanga kwanza?"

Hakuwa amemtaja tangu siku ile ya maswali mawili. "Ndiyo. Ndani ya chumvi, hadi ziwe kahawia."

"Basi sisi tutazitwanga mbichi."

Efraimu alijua matokeo yake. Harufu itapungua, na ule utamu wa moshi unaobaki kwenye ulimi hautakuwepo. Alikishusha kikaango, akamwaga chumvi kwenye kopo lake, akavuta kinu akaanza kutwanga. Nesta alipiga siagi na sukari kwa namna yake, haraka haraka, akaongeza ganda la limau lililokwaruzwa ambalo hakuna aliyewahi kulitia humo.

Zilipotoka alizichukua mbili, akampa moja. Zilikuwa nzuri. Mtu asiyezijua zile za zamani angeziita nzuri sana. Nesta alikula yake hadi mwisho, akikung'uta makombo, macho yakiwa kwa mumewe.

"Zikoje?"

"Zimeiva," Efraimu alisema, akarudi kutoa trei ya pili.